Luigi Galvani: Tabibu aliyeuona umeme katika mguu wa chura

JINA la Luigi Galvani limebaki katika vitu ambavyo wengi huvitumia bila kumkumbuka mwenyewe. Kifaa cha maabara cha kupimia mkondo mdogo wa umeme huitwa galvanomita. Kazi ya kuyapaka mabati madini ya zinki ili yasishikwe na kutu nayo imebeba jina lake katika lugha nyingi za dunia, ingawa maishani mwake hakuwahi kupaka bati lolote. Yeye alikuwa tabibu, mwalimu wa anatomia na ukunga, na swali lililomsumbua kwa takriban miaka 20 lilihusu jambo la kila siku: amri ya kuinua mkono hufikaje kwenye nyama ya mkono?

Galvani alizaliwa Septemba 9, 1737 katika jiji la Bologna, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Italia. Wakati huo Bologna ilikuwa chini ya utawala wa Papa. Baba yake, Domenico, alikuwa sonara. Ujanani Luigi alitamani kuingia utawa, lakini wazazi wake walimshawishi ashike elimu, naye akahitimu tiba na falsafa mwaka 1759 katika chuo kikuu cha jiji hilo, ambacho huhesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote vya Ulaya. Miaka michache baadaye alimwoa Lucia Galeazzi, binti wa mmoja wa walimu wake. Lucia alikuwa mwanamke aliyeelimika. Alimsaidia mumewe katika majaribio yaliyofanyika nyumbani kwao na kuyapitia maandiko yake kabla hayajasomwa na wengine. Hawakujaliwa watoto.

Ili kuelewa uzito wa alichokifanya Galvani, hapana budi kukumbuka yaliyoaminiwa kabla yake. Tangu enzi za tabibu Galen wa karne ya pili, wasomi walishikilia kwamba ubongo hutengeneza aina ya pumzi laini inayosafiri ndani ya mishipa ya fahamu kama maji katika mfereji. Mfaransa Descartes aliichukua fikra hiyo katika karne ya 17 na kudai kwamba pumzi hiyo inapoingia kwenye msuli huutunisha, nao hufupika. Mholanzi Jan Swammerdam aliupima msuli wa chura ndani ya chombo kilichofungwa na kuona kwamba haukuongezeka ujazo hata kidogo ulipokaza. Kwa hiyo hakuna kilichokuwa kimemiminwa ndani. Lakini kama si pumzi, ni nini? Swali hilo liliachwa likining'inia kwa zaidi ya miaka 100.

Katikati ya karne ya 18 umeme ulikuwa gumzo la Ulaya nzima. Mashine za kuzungusha kioo kwa mkono zilitoa cheche zilizowafurahisha wageni kumbini, na chupa za Leyden zilihifadhi chaji iliyoweza kumwangusha mtu. Matabibu walianza kuwapiga wagonjwa wa kupooza kwa cheche hizo, wakitumaini viungo vyao vitaamka. Baadhi ya wasomi walikisia kwamba huenda umeme ndio uliokuwa ile pumzi ya Galen. Wapinzani walijibu kwa hoja nzito: mwili umejaa maji ya chumvi yanayopitisha umeme, basi chaji ingewezaje kukaa mahali pamoja bila kutawanyika?

Galvani aliingia katika mjadala huo akiwa na kisu cha kupasulia mkononi. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1780 alikuwa ameanza kuandika kumbukumbu za majaribio yake kwa vyura. Aliwachuna, akabakiza miguu ya nyuma, mishipa mikubwa ya fahamu ya mapajani na kipande cha uti wa mgongo. Mnyama aliyeandaliwa hivyo hana uhai, lakini kwa muda misuli yake huendelea kuitikia.

Siku moja ya Januari 1781, msaidizi mmoja aligusa mshipa wa fahamu wa chura kwa ncha ya kisu. Miguu ikaruka kwa nguvu. Hakuna waya wowote uliokuwa umeiunganisha na mashine ya umeme iliyokuwa mezani hapo. Msaidizi mwingine akahisi kwamba miguu iliruka wakati uleule mashine ilipotoa cheche. Waandishi wengi wa baadaye walidai kuwa huyo wa pili alikuwa Lucia, lakini Galvani katika kitabu chake hakutaja jina. Kisa kingine kinachopendwa, kwamba vyura walikuwa wa supu ya Lucia aliyekuwa mgonjwa, ni cha kupuuzwa. Galvani alikuwa akifanya majaribio hayo kwa mpango na kwa miezi kadhaa.

Mtu mwingine angeridhika na kioja hicho. Galvani alirudia jaribio mara nyingi, akibadili umbali, chuma cha kisu na mpini wake. Mwaka 1786 alitoka nje kutafuta umeme wa mbinguni. Aliunganisha miguu ya vyura na waya mrefu ulioelekezwa juu, na kila radi ilipomulika, misuli ilikaza. Septemba mwaka huohuo aliwatundika vyura kwa kulabu za shaba kwenye vyuma vya roshani, safari hii mbingu zikiwa shwari. Akangoja. Alipochoka kungoja, akazikandamiza kulabu kwenye vyuma, na miguu ikatikisika bila wingu wala radi. Akaingia ndani, akamlaza chura juu ya bamba la chuma, akaigusisha kulabu, na matokeo yakawa yaleyale.

Hapo ndipo alipofikia hitimisho lililompa umaarufu na pia ugomvi. Kwa maoni yake, umeme ulikuwa tayari ndani ya mnyama. Msuli ulifanana na chupa ndogo ya Leyden iliyojaa chaji, mshipa wa fahamu ulikuwa waya wake, na chuma kilifungua njia tu.

Lucia hakuishi kuuona ushindi huo. Alifariki dunia mwaka 1788. Kitabu cha Galvani kuhusu nguvu za umeme katika mwendo wa misuli, kilichoandikwa kwa Kilatini, kilitoka mwaka 1791 katika majarida ya taasisi ya sayansi ya Bologna, zaidi ya miaka 10 baada ya jaribio la cheche. Polepole hiyo ilikuwa tabia yake. Hakuwa mtu wa kukimbilia sifa.

Habari zilienea haraka. Katika miji mingi ya Ulaya madaktari na wadadisi walirudia majaribio hayo, na vyura ndio waliolipa gharama. Miongoni mwa waliorudia alikuwemo Alessandro Volta, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia. Mwanzoni Volta alikubali. Kisha akaona jambo ambalo Galvani alilitaja bila kulipa uzito: miguu iliruka vizuri zaidi pale metali mbili tofauti zilipotumika. Akaugeuza mjadala juu chini. Umeme, alisema Volta, hutokana na kukutana kwa metali mbili na unyevu. Chura ni kipimo chepesi tu, hana umeme wake. Mwaka 1794 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimtunuku Volta nishani yake ya Copley.

Mabishano kati ya Bologna na Pavia yaligawanya wasomi wa Ulaya, ingawa wakuu wenyewe waliendelea kuheshimiana. Galvani, mpole na mcha Mungu, hakupenda malumbano ya hadharani, na kazi hiyo aliiachia zaidi mpwa wake, Giovanni Aldini. Jibu lake yeye lilikuwa jaribio. Mwaka 1794 kilichapishwa kitabu kisicho na jina la mwandishi, ambacho wengi walijua kimetoka wapi, kikieleza jinsi msuli ulivyokaza ulipoguswa na ncha ya mshipa wake uliokatwa, bila metali yoyote. Mwaka 1797 alikwenda mbali zaidi. Alichukua miguu miwili ya chura iliyotenganishwa, akauangusha mshipa wa fahamu wa mguu mmoja juu ya mshipa wa mwingine. Miguu ikaruka. Hapakuwa na shaba, chuma wala mashine. Palikuwa na nyama ya chura peke yake. Volta hakuwa na jibu la kutosheleza kwa jaribio hilo, lakini wakati huo wachache tu waliyatambua maana yake.

Ukiutazama mgogoro huo kwa elimu ya leo, kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya ukweli. Kulabu za shaba zilizogusa chuma kwa kweli zilizalisha umeme, kama Volta alivyosema. Na mwili una umeme wake, kama Galvani alivyosema, isipokuwa haukai katika msuli kama akiba ndani ya chupa. Kila seli ya neva ina tofauti ndogo ya chaji kati ya ndani na nje ya utando wake. Amri inapotoka kwenye uti wa mgongo, milango midogo katika utando hufunguka, chembe za sodiamu zenye chaji huingia, na badiliko hilo hukimbia kando ya neva hatua kwa hatua. Haliendi kwa kasi ya umeme wa waya. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilipima katika neva ya chura mwaka 1850 na kupata takriban meta 30 kwa sekunde, mwendo ambao gari moshi la siku hizi linaweza kuushinda.

Jambo ambalo Galvani asingeweza kulikisia ni kwamba ishara hiyo ya umeme haivuki yenyewe kuingia kwenye msuli. Kati ya ncha ya neva na msuli kuna ufa ambao upana wake haufikii sehemu moja kati ya elfu kumi ya milimita. Neva inapofikiwa na ishara, chembe za kalisi huingia kwenye ncha yake, na vifuko vidogo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo huvuka ufa, hushika vipokezi vilivyo kwenye msuli na kuwasha ishara mpya ya umeme. Sumu ya kurare, ambayo wawindaji wa Amerika Kusini walipaka mishale yao, huviziba vipokezi hivyo, na windo huanguka likiwa na moyo unaodunda lakini lisiloweza kupumua. Baada ya kazi, kimeng'enya huivunja asetilikolini mara moja. Viuatilifu vya shambani vya aina fulani huua wadudu kwa kukizuia kimeng'enya hicho, na ndiyo sababu mtu anayevivuta hupata mishtuko ya misuli. Kazi ya asetilikolini katika misuli ya mifupa ilithibitishwa na Mwingereza Henry Dale na wenzake mwaka 1936, mwaka aliopewa Tuzo ya Nobel pamoja na Otto Loewi.

Ndani ya msuli, ishara huzama hadi katikati ya nyuzi na kufungua maghala ya kalisi. Kalisi hiyo ndiyo inayoruhusu nyuzi nene za protini ya miosini kuzishika na kuzivuta nyuzi za aktini, kama mikono inavyovuta kamba. Nyuzi huteleza zikipishana na msuli hufupika, ujazo ukibaki palepale, sawa na alivyopima Swammerdam. Kalisi ikirudishwa ghalani, msuli hulegea.

Galvani hakupata nafasi ya kuyafuatilia hayo. Mwaka 1796 majeshi ya Napoleon Bonaparte yaliingia Bologna na utawala wa Papa ukaondolewa. Jamhuri mpya ya Cisalpina, iliyoundwa mwaka uliofuata, iliwataka watumishi wote wa umma, walimu wa chuo kikuu wakiwemo, waape kiapo cha utii. Galvani aliona kiapo hicho kinapingana na imani yake. Aprili 1798 alikataa kuapa, na hivyo akapoteza uprofesa, nyadhifa na mshahara wake. Volta alikubaliana na watawala wapya, naye mwaka 1801 Napoleon alimpa nishani ya dhahabu na baadaye akamfanya kabaila. Si haki kumlaumu Volta kwa hilo, lakini tofauti ya mwisho wa watu hao wawili inauma.

Akiwa hana kipato, Galvani alihamia nyumbani kwa kaka yake. Marafiki walimsihi achague maneno ya kiapo yatakayoituliza dhamiri yake, akakataa. Hatimaye wakuu wa jamhuri waliamua kumrejesha kazini bila kiapo kwa kuzingatia sifa zake za kisayansi. Uamuzi ulichelewa. Alifariki dunia Desemba 4, 1798 akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa kando ya Lucia katika kanisa la Corpus Domini.

Miezi 15 baadaye, Machi 1800, Volta alitangaza betri ya kwanza duniani, rundo la visahani vya metali mbili na vitambaa vyenye maji ya chumvi, chombo alichokibuni katika harakati za kumpinga mtu aliyekuwa tayari kaburini. Aldini naye alizunguka Ulaya akitetea jina la mjomba wake kwa njia ambazo mjomba asingezipenda. Januari 1803 jijini London aliitikisa kwa betri maiti ya mtu aliyenyongwa, mbele ya watazamaji walioingiwa na hofu. Umeme wa wanyama ulisahauliwa kwa miongo kadhaa, hadi Carlo Matteucci wa Italia na Emil du Bois-Reymond wa Berlin walipoupima kwa vifaa katika miaka ya 1840. Kifaa walichotumia kilikuwa galvanomita.