Edward Steere: Mwandishi aliyeanza kwa kusikiliza



Leo nazungumza na wewe mwenye daftari ulilolificha. Huenda uko Korogwe, umefika kanisani mapema na gazeti hili mkononi unasubiri kengele. Huenda uko Handeni, umetoka ibada ya kwanza na umekaa chini ya mwembe. Nyumbani, chini ya godoro au ndani ya sanduku la nguo, una kurasa ulizoandika usiku kwa miaka kadhaa. Ni ushuhuda wako, au masomo ya vijana, au historia ya kanisa la kijijini kwenu. Na kila ukizitazama unajiuliza maswali yaleyale. Nani atanichapia? Nitapata nini? Mbona fulani anajulikana na mimi hata mchungaji wangu hajui kwamba naandika?

Sitakujibu kwa mahubiri. Nitakusimulia maisha ya mtu mmoja, kisha wewe mwenyewe utaona jibu liko wapi.

Mtu huyo ni Edward Steere. Alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria hadi akapata udaktari, akawa wakili, na angeweza kuishi vizuri kwa kazi hiyo. Akaiacha, akaingia katika utumishi wa kanisa mwaka 1856. Kuandika alikuwa ameshaanza. Alitoa kitabu juu ya kuwepo kwa Mungu na sifa zake, na akahariri maandishi ya Askofu Joseph Butler, mwanafalsafa Mkristo wa karne ya 18. Vilikuwa vitabu vya msomi kwa wasomi wenzake. Leo ni wachache sana wanaovikumbuka.

Mwaka 1862 rafiki yake William Tozer alichaguliwa kuwa askofu wa misheni ya UMCA, iliyozaliwa baada ya David Livingstone kuwahimiza watu wa vyuo vikuu vya Uingereza kuja Afrika. Steere akajitolea kumsindikiza kwa mwaka mmoja au miwili tu, kisha arudi nyumbani. Mwanzo ulikuwa mchungu. Walijaribu kuanzisha kazi bara, upande wa mto Shire, wakashindwa kuiendeleza. Mwaka 1864 wakahamia Zanzibar.

Hapo ndipo somo la kwanza linapoanza. Steere alikuwa na umri wa miaka 36, mwenye shahada, mwenye vitabu vyenye jina lake. Lakini Unguja hakuweza kuagiza hata maji ya kunywa kwa lugha ya watu wa pale. Ikabidi awe mwanafunzi tena. Walimu wake walikuwa wenyeji wa mji, wengi wao Waislamu, watu waliokuwa na neno sahihi mdomoni mwao. Aliketi nao, akauliza, akaandika, akasoma tena kile alichoandika, akasahihishwa. Kabla hajawaambia lolote kwa maandishi, alitumia muda mrefu kuwasikiliza.

Ndugu yangu, wengi wetu tunafanya kinyume. Tunapata wito wa kuandika Jumapili, na Jumatatu tunaanza kuwafundisha watu ambao hatujawahi kuwauliza wanaumwa wapi. Mwinjili Luka hakufanya hivyo. Mwanzoni mwa Injili yake anaeleza kwamba kwanza alichunguza mambo yote kwa bidii tokea mwanzo, kutokana na waliyoyaona, ndipo akaandika kwa utaratibu.

Steere hakusikiliza maneno tu, alisikiliza na hadithi. Alikusanya hekaya ambazo watu wa Unguja walizoea kusimuliana, za wafalme, za wanyama, za werevu na wajinga. Mwaka 1870 alizitoa kwa kitabu, na jina la kitabu chenyewe linakiri kwamba ni hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Fikiri kidogo. Mmisionari, tena wa karne ya 19, anatumia wino wake kuhifadhi hadithi zisizotaja kanisa hata mara moja! Aliona kwamba ukitaka kuiweka Injili katika lugha ya watu, lazima ujue jinsi wanavyocheka, wanavyoonya na wanavyoomboleza. Wala hakujifanya kwamba hadithi zile ni zake.

Somo la pili liko mikononi mwake. Misheni ilikuwa na mashine ndogo ya kupigia chapa, na Steere hakuona aibu kuchafuka wino. Alifundisha vijana kupanga herufi za risasi moja moja. Ujue vijana hao walikuwa nani. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliokamatwa kutoka katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule ya misheni. Mmoja wao, John Swedi, mwaka 1879 alifanywa shemasi. Watoto waliokuwa wamehesabiwa kama mzigo wa jahazi walikuja kuwa watu wa kusoma na kusomesha. Kwa hiyo mwandishi huyu hakujenga vitabu tu, alishiriki kuwajenga watu watakaovisoma na kuvichapa.

Ukisema huna mchapishaji, jiulize pia kama unajua kazi yenyewe. Je, unaweza kusahihisha kurasa zako bila kuchoka? Je, kuna kijana mmoja katika kwaya au shule ya Jumapili unayemfundisha kuandika? Kipaji ni cha Mungu, lakini nukta na mkato ni juu yako.

Somo la tatu ni kuanza na kidogo, na hapa watu wa Korogwe tusikilize vizuri. Mwaka 1867, wakati misheni ikijiandaa kupanda Usambara, Steere alichapa Zanzibar kitabu chembamba cha maneno na sarufi ya Kisambaa. Hakikuwa kitabu cha kumpa mtu sifa London. Kilikuwa cha kumsaidia mtu atakayekwenda milimani asifike akiwa bubu. Na tafsiri zake za Maandiko zilitoka hivyohivyo, kipande kwa kipande. Hakungoja mpaka awe na Biblia nzima ndipo awape watu. Alitoa alichonacho, kikasomwa, kikasikika kilivyo kwenye masikio ya watu, akaendelea.

Kisha ikaja miaka ya kusimama. Mwaka 1868 alirudi Uingereza, akahudumu katika parokia ndogo ya mashambani huko Lincolnshire. Mtu wa nje angesema safari yake ya Afrika imekwisha. Lakini ilikuwa katika ukimya huo ndipo alipopanga yale aliyoyakusanya. Mwaka 1870 ukatoka ule mkusanyo wa hadithi, na ukatoka pia mwongozo wake wa kujifunza Kiswahili cha Zanzibar, kitabu kilichotumika kwa miongo mingi baada yake. Kumbe Mungu anaweza kutumia hata mwaka unaoonekana umepotea. Kama wewe umeachishwa kazi, au umerudi kijijini kumuuguza mzazi, na unadhani kalamu yako imekauka, usikate tamaa haraka.

Mwaka 1872 alirudi Zanzibar. Mwaka uliofuata soko la watumwa lilifungwa, na siku ya Krismasi ya 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja uleule ambapo watu walikuwa wakiuzwa. Tozer alikuwa ameng'atuka kwa sababu ya ugonjwa, na mwaka 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu. Tangu hapo mikono yake haikupumzika. Mwaka 1875 alikwenda Magila, huku kwetu mkoani Tanga. Mwaka huohuo alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi kwa Mataka, chifu wa Wayao. Mwaka 1876 wakombolewa wa utumwa wakaanzishiwa makao Masasi. Kanisa la pale sokoni alilisimamia mwenyewe, hata paa lake la mawe ya matumbawe na saruji ambalo watu walisema litaanguka. Krismasi ya 1879 watu walisali ndani yake, na paa lipo mpaka leo.

Katikati ya hayo yote aliendelea kutafsiri. Hakuwahi kupata ile nafasi tulivu ambayo mimi na wewe tunaisubiri ili tuanze kuandika. Aliandika akiwa na wageni mlangoni, mafundi uwanjani na wagonjwa kitandani.

Lakini sitakuficha upande mwingine, maana maisha ya watakatifu yakisafishwa mno hayatufundishi. Steere alikuwa na mke, Mary Beatrice, ambaye alibaki Uingereza. Mwaka mmoja au miwili aliyokusudia ikawa karibu ishirini, na sehemu kubwa ya muda huo bahari ilikuwa kati yao. Sina haki ya kumhukumu, na wala siwezi kukuambia ufanye hivyo. Nakuambia tu kwamba kila kitabu kina mtu aliyekilipia, na mara nyingi si mwandishi peke yake. Usiku unapoandika, kuna mwenzako anayelala peke yake, kuna mtoto ambaye hakusaidiwa hesabu zake. Muulize mwenzako leo, tena kwa upole, kazi yako inamgharimu nini. Huduma isiyojua gharama yake hugeuka kuwa ubinafsi uliovaa kanzu.

Steere alifariki Zanzibar Agosti 1882, akiwa na miaka 54. Alizikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile alilolijenga. Agano Jipya alikuwa amekwisha kulitafsiri. Biblia nzima hakuiona. Ilitoka mwaka 1891, miaka 9 baada ya kifo chake, kwa juhudi za wengine waliochukua kalamu pale alipoiacha. Na mwaka 1928, walipokutana Mombasa kuamua Kiswahili gani kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kikachaguliwa Kiunguja, lugha ileile aliyokaa akiisikiliza. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Union Version, ambayo huenda ndiyo iliyo mkononi mwako sasa hivi. Tafuta jina la Steere kwenye jalada lake, hulioni. Ndivyo Bwana alivyowaeleza wanafunzi pale kisimani Samaria, katika Yohana 4, kwamba kuna apandaye na kuna avunaye, na wote wawili wafurahi pamoja.

Mavuno mengine yalikuwa karibu nasi zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwafunga walimu Waafrika wa misheni hii. Mmoja wao, Samuel Sehoza, Mbondei, aliandika yaliyowapata, na mwaka 1921 kitabu chake *Mwaka katika Minyororo* kikachapwa. Tazama safari ilivyokwenda. Wakati wa Steere, mgeni alisikiliza akaandika maneno ya wenyeji. Miaka 39 baada ya kifo chake, mwenyeji anaandika maumivu yake mwenyewe, kwa Kiswahili, bila kumwomba mtu amsemee. Nadhani hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo mwandishi Mkristo anaweza kuipata: mtu mwingine kupata sauti.

Sasa turudi kwenye daftari lako. Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia, naye alichoka akalalamika. Katika Yeremia 45 Mungu anamwonya asijitafutie mambo makuu, kisha anamwahidi uhai wake. Hakumwambia aache kuandika. Alimwambia aache kutafuta ukubwa.

Kwa hiyo mchana wa leo, baada ya chakula, usianze kwa kutafuta mchapishaji. Kule Kideleko, au kule kijijini kwenu kando ya mto Pangani, kuna bibi anayekumbuka nyimbo za Kizigua alizoimba siku ya ubatizo wake. Kuna mzee Msambaa anayejua nani alibeba mawe ya kanisa lenu la kwanza. Wakiondoka, hakuna maktaba itakayotupa tena. Nenda ukamwamkie. Kaa kwenye kigoda. Mwombe ruhusa, msikilize mpaka achoke yeye, si wewe. Andika jina lake juu ya ukurasa kabla ya jina lako, na Jumapili ijayo umrudishie ulichoandika, umsomee, akusahihishe.

Tuombe. Bwana Yesu, uliye Neno, utupe masikio kabla ya kutupa kalamu. Wabariki wanaotusubiri wakati tunaandika. Na tusipofika mwisho wa kazi yetu, umwinue wa kuimaliza. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.