Carl Akeley: aliua sokwe wa Mikeno, kisha akawaombea mbuga

Huko Kabara, kwenye uwanja wa majani ulio kati ya mlima Mikeno na mlima Karisimbi, zaidi ya mita 3,000 juu, kuna kaburi la Mmarekani aliyezikwa mwezi wa Novemba 1926. Alikuwa amepanda milima hiyo mara mbili. Mara ya kwanza alikuja kuua sokwe. Mara ya pili alirudi kuwachunguza ndani ya mbuga ambayo yeye mwenyewe aliiomba.

Carl Ethan Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 katika familia ya wakulima huko Clarendon, jimbo la New York. Kazi aliyoipenda tangu utoto ni kuchukua ngozi ya mnyama aliyekufa na kuitengeneza mpaka mnyama aonekane kama bado anaishi. Wakati huo mafundi wengi walijaza tu majani makavu ndani ya ngozi na kushona. Akeley yeye alichonga kwanza mwili mzima, misuli na mishipa, ndipo akavalisha ngozi juu yake. Mwaka wa 1885, tembo maarufu wa sarakasi aitwaye Jumbo alipogongwa na treni huko Kanada, Akeley alikuwa mmoja wa waliomtengeneza.

Kazi hiyo ndiyo iliyomleta Afrika. Mwaka wa 1896, huko Somalia, alipambana na chui kwa mikono mitupu mpaka akamuua. Mwaka wa 1910, kwenye mlima Kenya, tembo alimkandamiza chini. Wapagazi walidhani amekufa, na mke wake Delia ndiye aliyepanda kumtafuta. Alikuwa pia fundi wa mitambo: alivumbua mashine ya kurusha saruji ukutani, na kamera ya sinema iliyoweza kufuata mnyama anayekimbia.

Alifika kwetu mwaka wa 1921, akitumwa na jumba la makumbusho la New York. Sokwe wa milimani, yule ambaye Bwisha wanamwita ingagi, alikuwa bado mgeni kwa wazungu: ni mwaka wa 1902 tu ambapo afisa wa Kijerumani, von Beringe, aliua wawili kwenye mlima Sabinyo, na jina lake likabaki kwenye jina la kisayansi la mnyama huyo hadi leo. Tangu hapo kila jumba la makumbusho lilitaka wa kwake. Mwaka huohuo wa 1921, mwana wa mfalme wa Uswidi aliua 14 kwenye milima hiyo.

Akeley na wenzake walipita kwenye misioni ya Mapadri Weupe huko Lulenga, wakapanda Mikeno na Karisimbi, wakachukua watano. Lakini kuna jambo lilimgeuza huko juu. Hadithi za Ulaya zilisema sokwe ni jitu katili linaloteka wanawake. Yeye aliona familia zinazokula majani na kukimbia watu. Sokwe mdogo alipochomwa mkuki mbele yake, sura ya mtoto huyo haikumtoka kichwani. Baadaye aliandika kwamba nusura ajione muuaji. Aliacha bunduki na kushika kamera. Sinema aliyopiga ni ya kwanza kuonyesha sokwe wakiishi porini.

Tusimfanye mtakatifu, lakini. Ngozi za wale watano alizibeba zote hadi New York, na ndizo zinazosimama mpaka leo nyuma ya kioo, na milima ya moto ya Kivu imechorwa nyuma yao.

Aliporudi kwao alianza kuandika barua na kubisha milango. Hesabu yake ilikuwa rahisi: sokwe ni wachache, wanazaa polepole, na wawindaji wakiendelea hivyo hakutabaki hata mmoja. Balozi wa Ubelgiji mjini Washington, Baron de Cartier de Marchienne, alimsaidia kumfikia mfalme Albert wa Kwanza, ambaye alikuwa ametembelea mbuga za Marekani mwaka wa 1919. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ilitiwa saini: Mbuga ya Albert ikazaliwa kuzunguka Mikeno, Karisimbi na Visoke. Ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika, na leo tunaiita Virunga.

Waliokuwa wakiwinda, wakichunga na kukata kuni kwenye msitu huo hawakuwa mezani Brussels. Mwaka wa 1929 mipaka ilipanuliwa mpaka tambarare ya Rutshuru, na watu wakaendelea kuhamishwa. Mkulima wa Rutshuru anayebishana leo na mlinzi kuhusu jiwe la mpaka anabishana juu ya mambo ya miaka ile. Akeley aliwaza sana juu ya sokwe. Juu ya majirani wao hakuacha mengi.

Mwaka wa 1926 alirudi, akiwa na umri wa miaka 62, pamoja na mke wake wa pili, Mary Jobe, na mwanazuolojia Mbelgiji Jean-Marie Derscheid. Safari ilimchosha, homa na tumbo vilimshika njiani, na sehemu ya mwisho ya mlima alibebwa. Alifariki Kabara tarehe 17 Novemba. Mary Jobe alibaki kambini kumaliza kazi.

Mahali hapo hapakusahauliwa na watu wa sokwe. George Schaller aliishi Kabara mwaka wa 1959, na Dian Fossey alianzia hapo mwaka wa 1967 kabla vurugu hazijamkimbiza kwenda Rwanda. Mwaka wa 1981 sokwe wa Virunga walikuwa karibu 250 tu. Mwaka wa 2007 dume Senkwekwe na majike wa familia yake walipigwa risasi, na uchunguzi ulielekea kwa wafanyabiashara wa makala. Hata hivyo, hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604 kwenye milima ya Virunga.

Kaburi la Akeley nalo liliwahi kuvunjwa na majangili. Lilitengenezwa tena.