Frances Benjamin Johnston na Mabaharia wa Olympia

Wanafunzi wenzangu, watu wanaokusanya picha za zamani za manowari na mabaharia wanalijua sana jina la mama huyu. Alizaliwa mwaka wa 1864 huko Grafton, katika Marekani. Alikwenda Paris kujifunza kuchora, kisha akarudi kwao Washington. Apareyi ya foto ya kwanza alipewa na George Eastman, yule mwenye Kodak, aliyekuwa rafiki wa jamaa yake. Wakati ule kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, tena vioo vya kupigia picha vilikuwa vizito. Yeye hakuogopa. Alifungua stidio yake mwenyewe, na hata marais walikuja kukaa mbele yake.

Sasa tuje kwa manowari. Tarehe 1 Mei 1898 Amiri George Dewey alizishinda meli za Hispania katika ghuba ya Manila, Ufilipino. Mwaka uliofuata alikuwa anarudi na meli yake Olympia, na Marekani nzima ilitaka kuona uso wake. George Grantham Bain, mtu wa kuuzia magazeti picha, akamwomba Johnston amkute Dewey njiani. Akamkuta Napoli, Italia, mwezi wa Agosti 1899. Lakini mwanamke atapanda namna gani katika meli ya vita? Kumbe alikuwa na barua ya Theodore Roosevelt, gavana wa New York. Wakampandisha.

Akampiga Dewey picha, na mbwa wake pia. Angeweza kushuka pale, maana ile njo kazi aliyotumwa. Hapana, akawageukia wale wadogo. Akawapiga wakila, akawapiga wakicheza dansi wao kwa wao juu ya sitaha, na wale wenye michoro ya wino katika ngozi. Kwangu mimi hizo njo picha bora. Uso wa amiri ulikuwa katika kila gazeti, lakini baharia wa kawaida nani angemtunza? Shida ni moja: wengi majina yao hayakuandikwa. Sisi tunajua picha ya darasa isiyo na majina nyuma inavyoleta mabishano!

Mwezi wa Desemba mwaka uleule alipiga picha wanafunzi Weusi wa shule ya Hampton, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka wa 1868. William Sheppard, mmisionari Mpresbiteri aliyefika Kongo mwaka wa 1890, alisoma pale.

Katika uzee wake alizunguka kusini mwa Marekani akipiga nyumba za zamani. Hakuolewa. Alikufa New Orleans mwaka wa 1952, mwenye miaka 88. Picha za Olympia zinatunzwa katika Maktaba ya Bunge, Washington, na kila mtu anaweza kuzitazama. Meli yenyewe ingali inaelea Philadelphia. Watu wanalipa kiingilio, wanapanda, wanatembea juu ya sitaha ileile ya dansi.