Charles Darwin: Aliyechunguza jinsi viumbe wanavyochagua wenza, akamwoa binti wa mjomba wake

Katikati ya mwaka 1838, kijana mmoja Mwingereza mwenye umri wa miaka 29 alichukua karatasi akaigawa sehemu mbili. Upande mmoja aliandika sababu za kuoa, upande wa pili sababu za kubaki kapera. Kwenye upande wa kuoa aliweka watoto, mtu wa kuangalia nyumba, na mwenzi wa uzeeni, ambaye alimwona kuwa afadhali kuliko kufuga mbwa. Upande wa pili aliweka uhuru wa kwenda anakotaka, mazungumzo na wanaume wenzake, pesa za kununulia vitabu, na kuepuka kulazimishwa kutembelea ndugu. Alipopima pande zote mbili, akaamua kuoa. Wakati huo hakuwa na mchumba.

Kijana huyo alikuwa Charles Darwin, ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia kwenye somo la baiolojia. Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 mjini Shrewsbury, katika familia yenye mali. Baba yake alikuwa daktari na alitaka mwanawe afuate kazi hiyo, lakini Charles hakustahimili kuona wagonjwa wakipasuliwa, kwa kuwa enzi hizo dawa ya usingizi haikuwepo. Mwishoni mwa mwaka 1831 alipanda meli iitwayo Beagle, akazunguka dunia kwa karibu miaka mitano. Alirudi na shehena ya mawe, ndege waliokaushwa na madaftari, pamoja na swali lililomkaa kichwani maisha yake yote: viumbe hubadilikaje kizazi hadi kizazi?

Mke naye hakumtafuta mbali. Emma Wedgwood alikuwa binti wa mjomba wake, yaani baba yake Emma na mama yake Charles walizaliwa tumbo moja. Alimposa Novemba 1838, wakafunga ndoa tarehe 29 Januari 1839. Katika jamii zetu nyingi za bara ndoa ya namna hiyo ni mwiko, ilhali kwa wengi wa pwani ni ndoa ya heshima inayoutunza ukoo. Kwa familia tajiri za Uingereza wakati ule halikuwa jambo geni. Caroline, dada yake Charles, alikuwa tayari ameolewa na kaka yake Emma.

Pamoja na ile karatasi yake ya hesabu, ndoa ilikuwa njema. Emma alikuwa mcha Mungu, na Charles alikuwa na mashaka ya dini. Baba yake alimshauri amfiche mchumba mashaka hayo, lakini yeye alimwambia. Jambo hilo lilimuumiza Emma kwa miaka mingi, hata hivyo ndiye aliyemuuguza mumewe, kwani Darwin aliugua mara kwa mara karibu maisha yake yote ya utu uzima.

Walizaa watoto kumi, wakazika watatu. Mary alifariki mwaka 1842 akiwa na wiki chache tu, na Charles mdogo mwaka 1858 akiwa na mwaka mmoja na nusu. Kati yao alikuwepo Annie, kipenzi cha baba yake. Alipougua akiwa na miaka kumi, Darwin alimpeleka Malvern kutibiwa kwa maji, Emma akabaki nyumbani kwa kuwa alikuwa karibu kujifungua. Annie alikufa huko tarehe 23 Aprili 1851.

Siku hizo kufiwa na watoto kulikuwa kwa kawaida hata katika nyumba za matajiri. Lakini Darwin alikuwa na wazo ambalo wazazi wengine hawakuwa nalo: je, kama ndoa yenyewe ndiyo iliyowadhoofisha watoto? Alijua kutoka kwa wafugaji kuwa mifugo wa damu moja wakipandana kwa muda mrefu, uzao hupungua nguvu. Hofu hiyo haikumwacha. Kwa zaidi ya miaka kumi alilinganisha mimea iliyojichavusha yenyewe na ile iliyochavushwa kwa mmea mwingine, akaona mara nyingi hii ya pili ndiyo iliyokuwa mirefu na yenye mbegu nyingi. Kupitia rafiki yake mbunge John Lubbock, aliomba sensa ya mwaka 1871 iulize kila nyumba kama mume na mke ni mabinamu. Bunge lilikataa. Mwanawe George, mtaalamu wa hisabati, alifanya uchunguzi wake mwenyewe na kuona kuwa madhara, kama yapo, ni madogo. Leo madaktari wanasema kati ya watoto 100, kama watatu huzaliwa na kasoro kubwa, na kwa wazazi ambao ni mabinamu wa kwanza idadi hufika watano au sita. Ndoa hizo zikirudiwa vizazi kwa vizazi, hatari huongezeka.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua, nalo ni mkia wa tausi. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 alieleza kuwa viumbe wanaoyamudu mazingira yao ndio wanaoishi na kuzaa. Sasa mkia mrefu na mzito, unaomfanya dume aonekane na adui, unasaidia nini? Jibu alilitoa mwaka 1871 katika kitabu kingine: kuishi pekee hakutoshi, lazima pia upate mwenza. Madume wengine hushinda kwa kupigana, kama fahali wawili zizini. Wengine hushinda kwa kuchaguliwa na majike. Tausi jike wakiwapendelea wenye mikia mizuri, baada ya vizazi vingi mikia itakuwa mikubwa.

Wasomi wenzake waliukubali ugomvi wa madume bila shida. Lakini kwamba jike anachagua, hilo wengi walilikataa, akiwemo Alfred Russel Wallace, aliyefikia wazo la mageuzi kwa njia yake mwenyewe. Darwin naye hakulifikisha mbali. Ndege jike alimpa haki ya kuchagua, ila alipofika kwa binadamu aliandika kuwa wanaume wamewazidi wanawake akili. Hapo alisema kama bwana wa tabaka lake, ingawa ni katika kitabu hichohicho ndipo penye mizizi ya saikolojia ya mageuzi, elimu inayochunguza kwa nini watu huvutiwa na wenza wa namna fulani.

Darwin alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Watoto saba walimzika baba yao wakiwa watu wazima, na watatu kati yao walikuja kuwa wanasayansi wakubwa.

Miaka 100 baadaye, mwaka 1982, Malte Andersson kutoka Sweden alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya katika nyanda za juu za Kinangop, Kenya. Huko yupo ndege ambaye dume wake ni mweusi, na mkia wake hufika nusu mita. Andersson aliwakata baadhi ya madume mikia, akaunganisha vipande hivyo kwa gundi kwenye mikia ya wengine. Waliofupishwa waliendelea kulinda maeneo yao kama kawaida. Ila majike wengi zaidi walikwenda kujenga viota kwa wale walioongezewa mkia.