Munganga Perkins na vyuma vyake viwili vya kuondoa maumivu

Leo tunawaelezea maisha ya Elisha Perkins, munganga wa Marekani aliyejulikana sana kwa wakati wake. Habari yake ni ya zamani, lakini kila mutu mwenye mugongo au magoti ya kumusumbua ataona faida yake.

Perkins alizaliwa mwaka 1741 mu Norwich, fasi ya Connecticut. Baba yake alikuwa munganga, na yeye alijifunza kazi ile kwake. Kisha alikaa Plainfield, akatibu watu miaka mingi, na watu walimuheshimu.

Wakati ule habari za umeme zilikuwa zinashangaza dunia yote. Mwaka 1791 Galvani, mwalimu wa Bologna kule Italia, alikuwa ameandika namna miguu ya chura mufu inavyoruka ikiguswa na vyuma vya namna mbili. Perkins naye akawaza kwamba maumivu yanatoka kwa umeme mubaya uliojaa mu mwili, na kwamba chuma kinaweza kuuvuta nje.

Basi akatengeneza vyuma viwili vidogo, urefu wao karibu sentimetre 8, ncha moja kali. Alivipitisha juu ya ngozi, pale panapouma, kwa dakika kama 20. Alisema vinaondoa maumivu ya kichwa, ya uso na ya mbavu, na hasa rimatisimu, ule ugonjwa wa viungo. Mwaka 1796 serikali ya Marekani ilimupa hati ya kwamba ni yeye peke yake mwenye haki ya kuvitengeneza. Lakini tuelewe vizuri: hati ile inaonyesha chombo ni cha nani, haionyeshi kama kinaponyesha.

Alisema vyuma vile vimechanganywa kwa madini ya pekee. Kumbe ilikuwa paka chuma cha kawaida na shaba ya manjano, ile ya mukuba na zenki. Jozi moja iliuzwa dola 25, franga nyingi sana kwa siku zile. Mu London bei ilikuwa gini 5.

Wanganga wenzake wa Connecticut hawakufurahi. Mwaka 1797 walimufukuza mu chama chao. Lakini wagonjwa hawakujali. Waliendelea kununua, juu wengi walisikia kweli maumivu yamepungua. Mutoto wake Benjamin akavuka bahari na kuviuza Uingereza. Akaandika kitabu kilichojaa habari za watu waliopona, na majina ya wakubwa waliovisifu.

Hapo akatokea munganga mwingine, John Haygarth, wa muji wa Bath, muji ambao wagonjwa wa rimatisimu walienda kuoga mu maji ya moto. Haygarth hakubishana na mutu. Alijiuliza neno moja tu: kama nguvu iko mu chuma, mbao itafanya nini?

Akatengenezesha vijiti vya mbao na kuvipaka rangi vifanane kabisa na vyuma vya Perkins. Tarehe 7 Januari 1799, mu lopitalo ya Bath, vilipitishwa juu ya wagonjwa watano wenye rimatisimu ya siku nyingi. Hakuna aliyewaambia kwamba ni mbao. Wane kati yao walisema wamepata nafuu. Kesho yake wakatumia vyuma vyenyewe. Matokeo yakawa karibu yaleyale! Wanganga wa Bristol wakarudilia kipimo kile, nao wakaona vilevile. Mwaka 1800 Haygarth aliandika yote mu kitabu.

Tusiseme wagonjwa wale walidanganya. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, na nafuu waliisikia. Lakini haikutoka mu chuma. Mutu mwenye tumaini, anayeshughulikiwa na munganga kwa upole, maumivu yake yanaweza kulegea. Tena maumivu ya siku nyingi yanapanda na kushuka yenyewe. Mugonjwa anatafuta dawa siku yamezidi. Yakishuka, chombo ndicho kinasifiwa.

Perkins mwenyewe hakusoma kitabu cha Haygarth. Mu mwaka uleule wa 1799 homa ya manjano ilikuwa inaua watu New York. Alikuwa na dawa yake nyingine, ya siki na chumvi, akaamini inashinda homa ile. Akaenda kule kutibu watu. Homa ikamushika, na mwezi wa Septemba akakufa, umri wake miaka 58. Mutu mwizi hangeenda kule. Perkins aliamini kabisa, na imani yake haikumuokoa.

Biashara haikusimama mara moja. Mwaka 1804 mu London walifungua nyumba ya kutibu masikini kwa vyuma vile. Benjamin akarudi Amerika na mali, akafa mwaka 1810. Kisha watu wakavisahau.

Vyombo vingine vimechukua nafasi yake: bangili za mukuba, mikaba ya sumaku, mashini za umeme za kubandika mugongoni. Vingine vinaweza kusaidia, vingine hapana. Basi kabla ya kutoa mushahara wa nyumba, usiulize tu ni wangapi wamesema wamepona. Perkins alikuwa nao wengi. Uliza hivi: je, kimepimwa pembeni ya kingine cha uongo kinachofanana nacho, na mugonjwa hajui amepewa kipi? Na kile cha kweli kilishinda? Kama muuzaji hana jibu, weka kwanza franga zako mu mufuko, uende ukamuulize munganga wa lopitalo.