Alexis Carrel, Daktari wa Treni ya Lourdes

Alexis Carrel alizaliwa Ufaransa mwaka 1873 akalelewa Kikatoliki, lakini alipokuwa daktari mjini Lyon imani yake ilikuwa imepoa. Mwaka 1902 alisindikiza treni ya wagonjwa kwenda Lourdes. Humo alimhudumia Marie Bailly, mgonjwa wa kifua kikuu cha tumbo, ambaye alidhani angefia njiani. Binti huyo alipomwagiwa maji ya chemchemi, tumbo lililovimba likanywea mbele ya macho ya daktari. Carrel hakuongoka siku ile. Wakubwa wa udaktari Lyon walimchukia kwa kusema tu alichokiona. Akahamia Amerika, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kushona mishipa ya damu. Uponyaji ule haumo katika miujiza iliyothibitishwa na Kanisa (na ni vema, Kanisa halina haraka). Carrel alifariki Paris mwaka 1944, akiwa amepokea sakramenti.