Otunga: Askofu, rai yake na mafundisho ya Kanisa

Kardinali Maurice Michael Otunga alifariki dunia Nairobi Septemba 6, 2003, akiwa na umri wa miaka 80. Wengi wangali wanamkumbuka kwa moto wa mwaka 1996 katika Uhuru Park, ambako yeye na viongozi wa Kiislamu waliteketeza maboksi ya kondomu na vijitabu vya kujikinga na Ukimwi.

Alizaliwa Januari 1923 Chebukwa, Bungoma, mwana wa Chifu Sudi Namachanja. Alitarajiwa kurithi uchifu, lakini akachagua upadri, akapewa daraja hilo Roma mwaka 1950. Mwaka 1960 alikabidhiwa Jimbo la Kisii, ambalo enzi hizo lilienea hadi Nyanza Kusini: Homa Bay, Migori, na vijiji kama Osiri. (Homa Bay ilipata jimbo lake mwaka 1993.)

Akiwa askofu wa Kisii alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao mwaka 1964 ulitamka kwamba askofu mmoja mmoja hana karama ya kutokosea. Anapofundisha imani na maadili katika umoja na Papa, waumini hupaswa kumpokea kwa heshima na utii. Rai yake binafsi haina uzito huo.

Moto wa 1996 uliyachanganya mambo hayo mawili. Katazo la uzazi wa mpango usio wa asili lilikuwa fundisho la Papa Paulo VI katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, na Otunga hakuwa na mamlaka ya kulilegeza. Hata hivyo, waraka huo ulihusu kuzuia mimba. Ukimwi ulikuwa haujajulikana. Mwaka 2001 maaskofu wa Kusini mwa Afrika walipinga kampeni za kondomu, lakini wakawaachia dhamiri zao wanandoa ambao mmoja wao ameambukizwa. Kwa hiyo kuchoma maboksi hadharani kulikuwa uamuzi wa Otunga mwenyewe. Halikuwa sharti la imani.

Kwa mke wa mvuvi aliyeambukizwa, huko Homa Bay au Migori, kaunti ambazo maradhi hayo yameziumiza mno, tofauti hiyo si ya vitabuni. Yeye alimwona kardinali akiwasha moto, na nani angemweleza kuwa hiyo ilikuwa rai?

Otunga alistaafu mwaka 1997, akaishi miongoni mwa wazee waliotunzwa na masista, bila makuu. Katika hilo hata wapinzani wake walimheshimu. Kesi ya kumtangaza mwenye heri imekwisha kufunguliwa, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Wanaopekua maisha yake watalazimika kuupitia pia mwaka 1996.